Ukifika Mabuni, Anza na Majina

Wabongo wanaokuja Okinawa, kisiwa cha Japani, kwa mafunzo, wakipata Jumapili ya mapumziko, wengi hukimbilia kaskazini kwenye akwariamu kuangalia papa potwe. Papa potwe hata Mafia wapo. Mimi nakushauri uende kusini, Itoman, kwenye bustani ya kumbukumbu ya vita ya mwaka 1945 kati ya Wamarekani na Wajapani, pale Mabuni, juu ya majabali yanayotazama Pasifiki. Tenga siku nzima.

Kutoka Naha, mji mkuu wa Okinawa, panda basi namba 89 hadi kituo kikuu cha Itoman, kisha namba 82. Ukipanda chukua kikaratasi chenye namba, nauli utalipa ukishuka. Hilo namba 82 halipiti mara kwa mara, kwa hiyo kabla hujaondoka kituoni piga picha ratiba ya kurudi. Beba maji na kofia. Jua la pale halina utani.

Watu wengi wakishuka huingia moja kwa moja kwenye jumba la makumbusho kwa sababu lina kiyoyozi. Usifanye hivyo. Anza nje, kwenye kuta za mawe meusi zilizozinduliwa mwaka 1995. Zimechongwa majina zaidi ya 240,000 ya waliokufa: Waokinawa, Wajapani wa mikoa mingine, Wamarekani zaidi ya 14,000, Waingereza, Wakorea, Wataiwani. Askari na raia, adui na mwenyeji, wote wako uwanja mmoja, na kila Juni huongezwa majina mapya.

Nenda na mtu anayesoma Kijapani. Bila yeye utaona maandishi mazuri tu. Majina ya Waokinawa yamepangwa kwa miji na vijiji walikotoka, kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kujaza sehemu kubwa ya jiwe. Mama aliyenisindikiza aliweka kidole kwenye mstari mmoja akanisomea: mtoto wa kwanza wa kiume wa fulani. Akashuka mstari wa chini: binti wa pili wa fulani huyohuyo. Hakuna jina. Kuna familia zilizokwisha zote, na daftari za ukoo ziliungua vitani, hivyo hakubaki wa kusema yule mtoto aliitwaje. Wakamwandika hivyohivyo, asiachwe. Pale nilikumbuka sanamu yetu ya Askari Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Majina yenyewe ya askari na wapagazi hayamo.

Sasa ingia ndani. Kiingilio cha mtu mzima ni yeni 300. Utaelewa kwa nini watu wengi hivyo walifia kusini: mwishoni mwa Mei 1945 jeshi la Japani liliacha makao yake Shuri likarudi nyuma kuja huku, kulikokwisha kujaa raia waliokimbia. Wakabanwa kati ya mizinga ya Wamarekani na bahari, wakijificha mapangoni. Hadi vita inakwisha, karibu mtu mmoja katika kila wanne wa kisiwa alikuwa amekufa. Mwendo wako uukaze kwenye picha na silaha, uupunguze kwenye chumba cha ushuhuda. Pale maneno ya walionusurika yamewekwa juu ya meza kwa herufi kubwa, na unasoma umesimama. Watoto wadogo usiwapeleke chumba hicho.

Tarehe 23 Juni ni siku ya maombolezo. Familia hukaa chini mbele ya jina la mtu wao, huweka maua na chakula, wengine hulimwagia jiwe maji. Ukienda siku hiyo ni vizuri, lakini kamera ibaki mfukoni, na ujue barabara hufungwa kwa ajili ya wakubwa wa serikali.

Njiani, kwenye basi hilohilo namba 82, kuna Himeyuri, makumbusho ya wasichana wa sekondari na walimu wao, jumla watu 240, waliopelekwa kuhudumia majeruhi wa vita hiyo. Walikufa 136. Usiyaunganishe na Mabuni siku moja, moyo utachoka na hutaona kitu. Rudi wiki nyingine, na ununue maua kwa akina mama wanaouza pale nje kabla hujaingia.