Kabla hujaacha mahamri, pima kwanza

Dadangu alishikwa na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka 11. Mamangu ana thairoidi ya Hashimoto, yaani kinga ya mwili kuishambulia tezi ya shingoni. Mimi nilikuwa na tumbo la kujaa kila siku, na damu haipandi hata nimeze vidonge vya madini ya chuma vingapi. Kwetu Kibokoni kila ugonjwa ulikuwa na sababu yake: wa mama ni fikra nyingi, wa dada ni halua, wangu husuda. Hakuna aliyewaza kwamba magonjwa haya ni ndugu, yote ni kinga ya mwili kujishambulia.

Wangu ni siliaki: kinga ya mwili kuushambulia utumbo mdogo kila unapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Karibu kila mgonjwa wake ana jeni, yaani chembe ya urithi, ya HLA-DQ2 au HLA-DQ8, na jeni hizo hizo zinahusishwa pia na kisukari cha aina ya kwanza. Lakini usikimbilie kupima jeni ukadhani umepata jibu. Watu wengi mno wanazo, na wengi wao hula chapati maisha yao yote bila neno. Faida ya kipimo hicho ni ukikosa jeni zote mbili: hapo siliaki karibu unaifuta.

Kosa langu kubwa ni kuacha ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha kwanza cha damu, tTG-IgA, hutafuta antibodi, askari wa kinga, ambazo mwili huzitoa ukiwa unakula gluteni. Jibu langu likatoka safi, nami nimekonda kama ng'onda. Daktari wa pili akaniamuru nirudie ngano wiki sita ndipo nipime tena. Sijawahi kuyachukia mahamri kama wiki zile.

Jambo jingine: nilikuwa nikimweleza kila daktari habari za tumbo langu tu. Siku niliyotaja dada na mama ndipo maswali yalipobadilika. Basi ukiwa na mzazi, ndugu au mtoto mwenye siliaki, au wewe mwenyewe una kisukari cha aina ya kwanza, omba kupimwa hata kama huumwi popote.

Chakula si shida sana kwetu Pwani. Mkate wa kumimina, vibibi, wali wa nazi, muhogo, mbaazi, vyote nala. Bhajia za dengu ndizo zenye mtego: unga hauna neno, ila mafuta yamekwisha kaangia mahamri. Mamangu bado anasema ni husuda, lakini karai langu amelifunga kitambaa chekundu, na ole wake atakayelitia kaimati.