Ile ajali ya Silverstone isikutenganishe na shemeji yako

Dogo, umeuliza ufanyeje maana wewe na shemeji yako hamsalimiani tangu mrudie kuangalia pale Kijenge ile Silverstone 2021, mbio za magari za Formula 1 kule Uingereza ambapo madereva Hamilton na Verstappen waligongana, yeye anasema Hamilton alitaka kuua mtu, wewe unasema Verstappen ndo alifunga njia. Aisee mpigie leo, usingoje Jumapili.

Ila kubali kwanza, waamuzi walisema kosa kubwa ni la Hamilton, wakampa adhabu ya sekunde 10 na bado akashinda, hapo ndo watu waliumia. Kosa kubwa, sio lote, na hapo wewe na shemeji mnaweza kukutana. Kona ya Copse, pale walipogongana mzunguko wa kwanza, inaingiwa na spidi kali mno, wa ndani asipoibana kona vizuri gari linatanuka kwenda nje, na wa nje akikata kona bila kumwachia nafasi wanagongana tu, kama vifodi viwili vinavyogombania abiria pale Kilombero. Verstappen alipigwa mshtuko wa G 51, yaani nguvu kama mara 51 ya uzito wake, akapelekwa hospitali, kwa hiyo shemeji akiongea kwa hasira muelewe, aliogopa bana. Mimi nampa Hamilton lawama zaidi. Mwambie hivyo, halafu rudieni ule mzunguko wa kwanza mmekaa pamoja, mpunguze sauti ya mtangazaji.