Mdogo wangu, kuhusu hilo la "nivute na mimi"

Mdogo wangu, ujumbe wako umenikuta kwenye basi, saa moja asubuhi, natoka zamu. "Dada, nivute na mimi, nasikia huko mnalipwa kusoma." Najua umeyatoa wapi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma ukunga pamoja, kuna mtu kaandika kwamba nakula pauni kwa kukaa mbele ya kompyuta. Nimekasirika, ila si kwako.

Baridi ya Leeds, huku Uingereza, umeshasimuliwa na wengine, niiache. Ufadhili wa PhD ni kweli upo, na unatosha pango na chakula cha mtu mmoja. Mwenye mama Tanga na wadogo wa kulipiwa ada anabeba boksi, yaani anafanya vibarua. Visa ya mwanafunzi inaniruhusu saa 20 kwa wiki, nami nazimaliza zote usiku kwenye nyumba ya wazee. Hizo ndizo pauni mnazozisikia.

Kuosha wazee hakuniumi. Wamezeeka, wanahitaji mikono, na mimi nina mikono. Kinachoniuma ni kwamba huu mwaka wa pili sijapokea mtoto. Leseni yetu ya ukunga huku haikupi ruhusa ya kuzalisha mpaka usajiliwe upya na ufaulu mitihani yao, wa nadharia na wa vitendo. Basi mchana kutwa naandika habari za wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua, na hakuna hata mmoja ninayeruhusiwa kumgusa.

Juzi bibi mmoja alilowesha shuka. Nikalikunja, na kabla sijajua nafanya nini nikawa nalipima kwa mikono: mililita 300, labda 350. Nikasimama nalo vile vile kama nipo leba nakuita ulete oksitosini, ile dawa ya kuzuia damu. Ulikuwa mkojo tu. Nilienda kulia chumba cha kufulia.

Na takwimu zangu zinatoka kwetu. Kila mstari ni mama mmoja: umri, mimba ya ngapi, saa aliyojifungua, damu kiasi gani. Nikifika kwenye mstari wa saa tisa usiku, mililita 1,800, saa ile naijua ilivyo. Mnakimbia wawili, na kwenye vitanda vingine wanaita. Nilipoondoka mlibaki wawili kweli, wewe na mwenzako. Usiniambie lisiniume.

Kwa hiyo usije. Wodi inakuhitaji kuliko chuo chochote.

Lakini ngoja nikuambie na hili. Mwezi uliopita kwenye semina waliniuliza mkunga anajuaje kwamba damu imezidi pale ambapo hana cha kupimia. Nikatoa kanga yangu kwenye begi. Nikawaeleza kwamba Kigoma, kwenye utafiti uliochapishwa 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kuwa kanga mbili zikilowa, damu imefika mililita 500, mama apewe misoprostoli, vidonge vya kuzuia damu. Nikamimina maji ya jagi juu ya kanga, taratibu, mbele yao. Msimamizi wangu alinyanyuka akaja kuishika, akaigeuza, akaniuliza maswali saa nzima. Siku ile nilijua kwa nini nipo hapa.

Ule utafiti wa E-MOTIVE wa 2023 nilikutumia. Kenya, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania: shuka la plastiki lenye mfuko wa kupimia damu, na matibabu yote yanatolewa pamoja badala ya kujaribu moja na kusubiri. Matatizo makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Wakunga kama wewe ndio waliolitandika lile shuka usiku. Ila wanaotunga maswali ya utafiti, waliowahi kulowa damu ile ni wachache mno. Nataka uwe mmoja wao, na hapo ndipo naanza kujipinga mwenyewe.

Ukija, usimpe wakala hata senti. Tafuta msimamizi kwanza, umwandikie barua fupi yenye swali moja, swali lako la leba, usimpambie. Mfadhili akikubali, muulize kama analipa ada ya afya ya visa: pauni 776 kwa kila mwaka wa visa, na zote zinadaiwa kabla hujasafiri. Wanaosema huruhusiwi kuja na mtoto wanachanganya mambo. Tangu Januari 2024 zuio ni kwa wanaosoma kozi za kawaida, sisi wa utafiti bado tunaruhusiwa. Lakini naye analipiwa ada hiyo hiyo. Wangu nilimwacha kwa mama. Wako usimwache. Au mwache kwanza uone, maana ukiwa zamu ya usiku huku nani atalala naye? Hapo sina jibu.

Ningeanza upya, PhD ningejisajili kwetu, chuo cha afya cha Muhimbili, huku nije mwaka mmoja tu. Jumuiya ya Madola imekuwa na ufadhili wa namna hiyo kwa wanafunzi wa PhD, uulizie. Mwaka mmoja mikono haijasahau.

Niandikie ukurasa mmoja: ni kitu gani kinakusumbua pale leba ambacho hakuna aliyewahi kukuuliza? Usiandike kizungu cha vitabuni, andika kama unavyonisimulia zamu. Mimi nitoke kwa wazee Jumapili asubuhi niukute.