Kabla ya Kuvuta Kamba ya Mashine

Nina boti ndogo ya faiba, futi 19, mashine ya farasi 40, naiegesha kwenye hori ya Kilifi, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu pwani ya Kenya. Si ya kazi. Ni ya Jumamosi na Jumapili, kuvua kidogo na kuwatembeza watoto wa ndugu zangu. Kwa kuwa ni ya starehe, mwanzoni nilidhani mambo ya bamvua (maji yakipanda na kushuka sana) na maji mafu (yakipanda na kushuka kidogo) ni ya wavuvi.

Siku moja, mwezi ulikuwa umepevuka jana yake, nilimkuta mzee mmoja chini ya mkungu anashona nyavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwaenda nje?"

"Hadi mlangoni tu, kisha twarudi."

Akatazama maji yanavyotoka. "Ni bamvua, mwanangu, na kusi limeamka. Ngoja maji yasimame."

Niliona atatuchelewesha. Dada yangu na wanawe wawili walikwisha panda, nikawasha mashine.

Wakati wa bamvua maji ya Kilifi hupanda na kushuka kupita mita 3, na yote yaliyoingia horini hutokea mlango mmoja. Yakitoka kwa kasi huku upepo wa kusi ukisukuma mawimbi ya bahari kuu kuingia ndani, mawimbi husimama wima, mafupi, yamekaribiana. Kwa kawaida mkondo huwa mkali kabisa saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kupwa. Sisi tulifika saa ya tatu, na hapohapo mashine ikakohoa, ikazima. Petroli ilikuwa imeingia maji.

Nikatupa nanga. Kina kilikuwa yapata mita 8, na amari yangu, yaani kamba ya nanga, mita 15. Nanga ikashika, ikaachia, ikashika tena. Niliishika ile kamba kwa mikono miwili, nikaisikia inavyotetemeka kila nanga inapokwaruza mwamba. Nilipogeuka nikamwona mpwa wangu mdogo: jaketi la kuokolea la mtu mzima limempanda hadi juu ya masikio, uso umefichika. Kama angeanguka, lingemvuka na kumwacha majini. Wavuvi waliokuwa wakirejea na boti yao wakaturushia kamba, wakatukokota hadi ndani. Hawakutaka hata shilingi.

Ndiyo maana nakusihi uanzie kwenye jaketi. Kila mtu na lake, la uzito wake, na livaliwe nchi kavu kabla ya kupanda. La mtoto lipitishie mkanda katikati ya miguu, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda usoni, si lake. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama Ziwa Victoria, upande wa Mukono, Uganda. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa wametoka kufurahi, kama sisi.

Amari iwe ndefu mara tano ya kina, upepo ukiwa mkali hata mara saba, na nanga ifungiwe mnyororo mita chache ili ilale chini ivute, isining'inie. Yangu siku ile haikufika hata mara mbili.

Mafuta yagawe mafungu matatu: ya kwenda, ya kurudi, na la tatu usiliguse. Chujio lenye kikombe cha kuonea maji halina bei ya kukutisha. Kasia ziwepo. Pombe ingoje nchi kavu.

Halafu ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, inayochomoka kwenye swichi nahodha akianguka. Wengi wanaiacha ining'inie kwenye swichi, na jambo hili linaniuma kila ninapoliona. Nahodha akianguka, boti isiyo na mtu huzunguka na kumrudia, na propela inazunguka bado. Ifunge mguuni au kwenye jaketi kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia.

Simu naifunga ndani ya mfuko usiopitisha maji, na redio ya VHF ikiwepo naiweka chaneli 16, ya kuitia msaada. Dada yangu hapandi tena, na simlaumu. Ila wanawe bado ananipa. Humwachia maneno matatu: tunakwenda wapi, tuko wangapi, tunarudi saa ngapi. Ikipita saa nzima hajanisikia, apige 112.