Mdogo wako anapoteza usikivu na bado anaitaka kazi yake: aseme, na aandike

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako, nimelisoma swali lako kwa makini maana ni maisha yangu. Umesema binti ni karani wa kupokea mzigo kiwandani, usikivu unashuka mwaka hadi mwaka, kazini hajamwambia mtu, bosi ameanza kulalamika kwamba "hana umakini", na nyumbani wengine wanashauri aache kazi kabla hajaaibishwa. Unauliza aseme au anyamaze, na wa kumsaidia ni nani.

Aseme. Na aseme sasa, akiwa bado ana rekodi nzuri. Kiziwi anayejificha kila mtu humpa sababu yake mwenyewe: akiitwa asiitike, ana dharau, akileta maboksi tofauti na aliyoagizwa, ni mzembe, akicheka wenzake walipokwisha kucheka, ana lake jambo. Hayo malalamiko ya bosi yakiandikwa kwenye faili yataandikwa kama makosa ya kazi, na makosa ya kazi ndiyo humfukuzisha mtu. Ulemavu uliotajwa kwa maandishi una sheria nyuma yake. Uzembe hauna.

Mimi nimekuwa kiziwi ukubwani. Niliugua TB sugu enzi zile tiba yake ilikuwa na sindano za kanamycin kila siku kwa miezi. TB ilipona, masikio yakaondoka. Dawa ile huua chembe za kusikia zilizo ndani kabisa ya sikio, na chembe hizo hazioti tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza, nashukuru wagonjwa wa sasa wanapata vidonge. Kwangu zilianza kupotea sauti nyembamba: mlio wa simu, sauti za watoto, herufi kama s na f. Maneno yakawa yananifikia yamekatwakatwa, kama redio inayoishiwa betri. Ndiyo maana watu wa namna yetu husema "nasikia ila sielewi", na wanaosikia hudhani tunachagua cha kusikia. Muulize mdogo wako kwa upole kama hapo ndipo alipo.

Nilirudi kazini, stoo ya vipuri vya magari hapa Dar. Wenzangu walikuwa na hofu mbili kwa pamoja, ya TB na ya namna ya kuongea nami. Hofu ya kwanza ilimalizwa na cheti cha daktari kwamba nimepona. Ya pili haikuwa na cheti. Watu wema kabisa walianza kunikwepa kwa sababu hawakujua waanzie wapi, na mazungumzo yote yakahamia kwa kijana niliyekuwa nakaa naye meza moja. Wakawa wanamuuliza yeye mambo yangu mimi nikiwa nimekaa pale pale.

Kilichobadilisha hali ni barua ya ukurasa mmoja, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndicho kitu mdogo wako anaweza kukifanya wiki hii.

Barua isiwe ya ugonjwa. Iwe ya kazi. Ya kwangu ilianza na ninachokifanya: kupokea mzigo, kuhesabu, kuandika leja, kutoa vipuri kwa oda. Kisha ikataja yanayohitaji kubadilika ili niendelee kuvifanya hivyo. Oda zote ziandikwe kwenye kitabu, hata ya kipande kimoja. Nisipigiwe simu, nitumiwe ujumbe. Meza yangu igeuzwe nione mlango. Kwenye kikao aongee mmoja mmoja, na mtu awe anaandika maamuzi kwenye kundi la WhatsApp la idara. King'ora cha moto kikilia, atajwe kwa jina mtu wa kuja kunigusa. Na foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, ifungwe taa ya kuzunguka, kwa sababu ule mlio wake wa kurudi nyuma kwangu haupo. Zaidi ya hiyo taa, hakuna kilichohitaji fedha ya maana. Nikaambatanisha majibu ya kipimo cha usikivu, nikapeleka nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa nikarudi nayo. Huo muhuri asiuache. Siku meneja anahama, muhuri unabaki.

HR, ofisi ya rasilimali watu, walikubali karibu yote ndani ya muda mfupi. Nadhani waliona unafuu: hatimaye mtu amewaambia cha kufanya. Waajiri wengi hawana chuki, hawana tu picha ya kazi inavyoweza kufanyika tofauti, na picha hiyo huwezi kuipata kwenye hotuba ya siku ya kimataifa. Nasema hivi nikiwa naziheshimu tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, na wiki ya viziwi ya Septemba. Lakini nimeona ofisi zikigawa fulana na kupiga picha, halafu Jumatatu kikao kinaendeshwa vile vile, watu wanne wanaongea kwa mpigo na mmoja ameziba mdomo kwa kikombe.

Uelewa wa kweli niliuona kwa dereva wa foklifti. Huyu bwana hakuhudhuria semina yoyote. Akinijia, anagonga ubao wa meza kwa kiganja, mtikisiko unanifikia mikononi, anasubiri mpaka nimemtazama usoni, ndipo anaongea, kwa mwendo wa kawaida, bila kupiga kelele. Kelele hupotosha midomo, haisaidii kitu. Na midomo peke yake haitoshi: baba, mama na papa zinafanana kabisa kwa anayetazama. Kwa hiyo namba na majina ya vipuri anaandika, hata kwa chaki sakafuni. Wapya wakija stoo, ni yeye anayewaonyesha. Wateja wamezoea. Hakuna aliyewaita ukumbini, wameona kazi inaenda. Baadaye mimi na yeye tulijifunza ishara kwa viziwi wenyewe, na sasa kutoka ncha moja ya ghala hadi nyingine tunaelewana huku wanaosikia wanapigiana mayowe.

Mambo ya sheria, kwa ufupi, na ni ya Tanzania Bara. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda cha watu 200 kinatakiwa kuwa nao 6. Binti akijulikana rasmi, HR naye ana sababu ya kutaka abaki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwondoa mtu kwa sababu ya afya, aangalie kwanza kama kazi inaweza kurekebishwa au kama kuna kazi nyingine anayoimudu. Kwa hiyo akiitwa na kuambiwa "kapumzike nyumbani", asisaini chochote siku hiyo. Aombe karatasi aende nayo akaisome. Akiachishwa, ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Watu wengi wanapoteza haki wakiwa bado wanabembelezana na meneja.

Kitu kimoja ambacho hukukisema: kiwanda chenyewe kina kelele? Kama anapokea mzigo pembeni ya mashine, inawezekana masikio yanaharibiwa na kazi. Kikomo cha kelele kinachotumika ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama hupungua nusu. Akilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono amsikie, pale pamezidi. Hapo aombe vizuia kelele mara moja, amweleze daktari aina ya kazi, na kama uhusiano na kazi utathibitika suala linakwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Wanaosimamia usalama mahali pa kazi ni OSHA. Na hata kabla ya yote hayo apimwe, maana wakati mwingine tatizo ni usaha au nta, vinatibika. Muhimbili wana kitengo cha masikio, pua na koo, na tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu kwa baadhi ya wagonjwa.

Sasa nje ya kazi. Huko ndiko niliumia zaidi, niseme wazi. Zahanati wanaita majina kwa mdomo. Mimi humwonyesha muuguzi karatasi yenye jina langu na maneno "mimi ni kiziwi, nipungie mkono", kisha nakaa mstari wa mbele. Kwenye daladala namwonyesha konda jina la kituo kwenye simu. Benki walitaka kunipigia kuhakiki akaunti, nikaenda tawini nikaomba iandikwe kwenye taarifa zangu kwamba sipigiwi. Kwenye vikoba vyetu mama mwenyekiti alikubali hesabu ziandikwe ubaoni kabla ya kusomwa, na akina mama wengine wakashukuru kuliko mimi.

Mpelekeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Hata kama bado anasikia kidogo. Pale atakutana na watu wazima wenye familia, kazi na vicheko, na kwa aliyekaa na hofu peke yake hilo ni zaidi ya ushauri. Pia watawaeleza habari za wakalimani na mafunzo ya lugha ya alama. Wewe dada ujifunze naye, familia isimwachie mzigo wa kuelewana peke yake. Na mkienda naye ofisi yoyote, akiulizwa swali, mwache ajibu mwenyewe. Ukimjibia mara moja, hawatamtazama tena.

Afisa ustawi wa jamii naye mfikieni, wa kata au wa halmashauri, ili mdogo wako ajulikane kwake. Na kama siku moja atataka biashara yake, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 2 kati ya hizo zikiwa za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata. Ila tafadhali, isiwe ndiyo njia ya kumtoa kiwandani kwa upole. Umesema mwenyewe anaipenda kazi yake.

Aandike rasimu ya barua kwanza, kwa maneno yake. Kama hatajali, toa jina lake na la kiwanda uiweke hapa, mimi na wengine tuliopitia haya tutaipitia mstari kwa mstari kabla hajaipeleka.