Maswali na Majibu: Ni Mwendo Gani Kutoka Longyearbyen Hadi Utqiaġvik?

Mwalimu, mjukuu wangu ameiona miji hii kwenye ramani ya ukutani, mmoja juu katikati na mwingine kule ukingoni kushoto. Baina yao ndege inaruka kilomita ngapi? (Bibi, Makunduchi)

Shikamoo Bibi. Longyearbyen ni mji wa Norway katika visiwa vya Svalbard, kwenye latitudo ya 78 kaskazini. Utqiaġvik uko Alaska, Marekani, kwenye latitudo ya 71. Kwa njia fupi kabisa ya angani, umbali wake ni kama kilomita 3,380. Ramani yako inaonyesha zaidi kwa sababu imechora mistari ya longitudo kama nguzo zilizosimama sambamba, ilhali mistari hiyo hukaribiana kadiri inavyoiacha Ikweta, hadi ikakutana kwenye Ncha. Hapa kwetu digrii moja ya longitudo ni takriban kilomita 110; Longyearbyen haifiki hata kilomita 23.

Mwambie mjukuu wako aazime tufe la skuli na achukue uzi wa kushonea kofia. Abane mwanzo wa uzi kwa kidole gumba juu ya Longyearbyen, auvute hadi Utqiaġvik na aukaze usilegee. Ataona kwamba uzi haushiki njia ya magharibi, bali unapanda kaskazini, unapita kama kilomita 110 tu kutoka Ncha ya Kaskazini, kisha unateremka upande wa pili. Masafa hayo ni mafupi kuliko baina ya viwanja vya ndege vya Unguja na Pemba, ambayo ni kama kilomita 125. Napenda sana mtoto alione jambo hili kwa mkono wake kabla hajaelezwa kwa hesabu.

Rubani akifuata latitudo moja tu, atapoteza kiasi gani? (Wete)

Akiifuata latitudo ya Utqiaġvik hadi ilipo longitudo ya Longyearbyen, atakuwa ameruka zaidi ya kilomita 6,000, na bado atabakiwa na kama 770 za kupanda kaskazini.

Na kwa maili za baharini? (Nahodha, Mkoani)

Ni kama 1,830. Nahodha unajua kwamba maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, ni takriban dakika moja ya latitudo (sehemu moja ya 60 ya digrii), na marubani nao hupima kwa kipimo hichohicho.

Naweza kukata tiketi ya safari hiyo? (Jang'ombe)

Ya moja kwa moja hakuna, ingawa ndege ya abiria ingefika kwa saa nne na kitu. Msafiri anayetoka Utqiaġvik huteremka kwanza Anchorage, akaendelea Seattle, akavuka hadi Oslo, kisha akapanda tena kaskazini. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 12,000. Umbali wa tufe ni jambo moja, na umbali wa tiketi ni jambo jingine, kwa kuwa ndege hufuata abiria walipo.

Kuna mtu aliyewahi kuruka njia hiyo? (Chake Chake)

Wapo. Mwezi wa Aprili 1928, Hubert Wilkins wa Australia na rubani Mmarekani Carl Ben Eielson waliondoka Point Barrow, jirani na Utqiaġvik ya leo, wakaelekea Spitsbergen, kisiwa ulipo mji wa Longyearbyen. Hawakupita juu ya Ncha yenyewe. Wilkins ndiye aliyeshika hesabu ya njia, akibadilisha uelekeo mara kwa mara, kwani karibu na Ncha dira haiaminiki. Waliruka kwa zaidi ya saa 20, dhoruba ikawalazimisha kutua kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu, nao wakangoja humo ndani ya ndege yao siku 5 hadi hali ya hewa ilipotulia.