PCB au PCM? Ugomvi wa mama, binti na mjomba

SWALI: Mzee, salamu kutoka Arua, Uganda. Binti yangu amemaliza Senior Four, amefaulu vizuri. Anapenda fizikia kupita kiasi, lakini anasema akikua atatafiti magonjwa, na anataka PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Kaka yangu ameshikilia kwamba magonjwa ni kazi ya bayolojia, fizikia ni ya mafundi wa umeme, kwa hiyo achukue PCB, yenye bayolojia. Hapa nyumbani hakukaliki. Nani ana haki?
Mama wa mwanafunzi, Arua

JIBU: Mama, nimefanya kazi maabara mpaka nikastaafu, na kaka yako namjua ingawa hatujaonana. Kila ukoo unaye mmoja. Msimulie habari ya hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa hapo, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa saratani uliokuwa ukiota kwenye taya za watoto. Mwaka 1961 akashika gari hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona. Akakuta unafuata joto na mvua, karibu sawasawa na malaria. Watu wakaanza kushuku virusi vinavyobebwa na wadudu, kama mbu abebavyo malaria. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester, na kipande kikamfikia Epstein kikiwa kwenye maji yaliyochafuka. Wengi tungekimwaga tukidhani kimeoza. Yeye akatazama tone moja, akaona seli hai zikielea, akazikuza.

Sasa fizikia. Hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na mwanga ni wimbi: kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) hakionekani vizuri, hata ung'arishe lenzi mpaka mkono uchoke. Nami nimezing'arisha sana. Virusi hivyo ni vidogo kuliko hapo. Wimbi la elektroni ni fupi kuliko la mwanga kwa maelfu ya mara, na Ernst Ruska na Max Knoll walikwisha kuunda hadubini ya elektroni mjini Berlin mwaka 1931, wala hawakuwa wakifikiria taya za watoto wa Uganda. Ruska alipewa Nobel ya fizikia mwaka 1986. Kwa chombo cha namna hiyo Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivitambua virusi mwaka 1964. Leo vinaitwa Epstein-Barr, na ndivyo vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kemia ilileta dawa. Methotrexate inafanana na asidi ya foliki kiasi cha kuhadaa kimeng'enya cha seli, basi seli inayogawanyika mbio inakosa malighafi ya kutengeneza DNA. Burkitt aliitumia, pamoja na dawa nyingine, cyclophosphamide, na uvimbe wa baadhi ya watoto ukanywea kwa siku chache. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967 hapo hapo Mulago, ilikua kutokana na kazi hiyo.

Lakini usimsomee kaka yako haya kwa vigelegele, maana naye ana nusu ya haki. Kusomea udaktari kunadai bayolojia na kemia, na PCM haina bayolojia. Akitaka kuunda mashine za mionzi au hadubini zenyewe, PCM inamtosha kabisa. Akitaka kuvishika virusi, achukue PCB. Halafu, samahani, nyote watatu hamkuiona ile P? Ni ya "physics", fizikia imo! Anachokosa ni hisabati, na hiyo aichukue kama somo dogo badala ya ICT, somo la kompyuta. Asiidharau, kwa sababu watafiti wa magonjwa siku hizi wanashinda kwenye kompyuta wakihesabu.

Kabla hamjajaza fomu, nenda mwenyewe shuleni uulize kama maabara ya fizikia hufunguliwa kila wiki, au siku ya mtihani tu.